Kilomita Elfu Moja za Kwanza

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Gari limefika. Jipya kabisa, viti bado vimevaa nailoni, ukikaa unajiona waziri. Binti yangu kalileta saa mbili asubuhi, kalisimamisha mbele ya mlango, kasema wote tutoke tulione. Tukatoka mimi, mke wangu, na shemeji, mdogo wake mke wangu, anayekaa nyumba ya tatu kutoka hapa. Sijui nani alimwita. Huyu mtu ananusa gari jipya kama paka anavyonusa samaki. Akavua viatu kabla ya kuingia ndani. Mke wangu akanitazama miguu. Mimi nilikuwa nimeshaingia, na matope yangu.

Binti akatusomea kijitabu cha gari. Injini mpya lazima izoeshwe. Kilomita elfu moja za kwanza usizidishe themanini, usikae kwenye mwendo mmoja muda mrefu, usibebe mzigo mzito, usikanyage breki kwa ghafla, usiliache linaunguruma limesimama. Yeye anauza dawa, anazipeleka zahanati za mbali, na Jumatatu ijayo anaanza safari na maboksi yake. Wiki hii yote yuko kwenye mafunzo ya kazi, hana nafasi. Kwa hiyo gari ni langu siku sita. Nikilizoesha vizuri, ufunguo wa pili napewa mimi, niwe dereva wake wa kudumu. Nikiharibu, ufunguo unakwenda kwa mjomba wake. Shemeji akakohoa kidogo. Kaendesha gari la wagonjwa miaka ishirini, sasa kastaafu, na kukohoa ndiyo hotuba yake.

Nikamwambia binti alale usingizi. Nikamkumbusha lile lori langu la ujanani, lililokuwa na mbio mpaka kivuli chake kinabaki nyuma, ikawa kila kituo cha mafuta nasimama kukisubiri. Mke wangu akasema kwenye lile lori mimi nilikuwa utingo. Nikasema ndiyo maana nakijua kivuli. Dereva anatazama mbele, atakionea wapi?

Nimekaa nikafikiri. Kama themanini ni salama, basi arobaini ni salama mara mbili. Ishirini ndiyo usiseme. Injini hii nitailea kama yai.

Lilikuja na kilomita kumi na mbili. Jioni zimefika sitini na moja.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimedhalilika.

Nilikuwa nakwenda ishirini na tano. Kijitabu kinataka nibadilishe mwendo, nikabadilisha, nikaenda ishirini. Nimepitwa na basi, sawa. Nimepitwa na pikipiki, sawa. Nimepitwa na mzee mwenzangu wa baiskeli, kabeba godoro, tena kwenye mlima. Akageuka kunipa pole. Dereva wa lori akatoa kichwa dirishani akaniuliza, babu, umedondosha sindano?

Honi kutwa nzima. Masikio yanalia mpaka sasa, mke wangu akiniita nasogea pembeni.

Lakini hayo yote si kitu. Kubwa ni pale kwa kinyozi. Kinyozi ndiye redio ya mtaa huu, unaingia kwake na nywele unatoka na habari. Hapo ndipo kijiwe changu, hapo ndipo wananiita Mzee Gia, na hadithi ya kivuli wameisikia mpaka wananisahihisha nikikosea. Leo napita, wateja wote wametoka nje kutazama, mmoja kanyolewa nusu kichwa. Kinyozi akauliza, gari linaumwa? Nikasema linazoeshwa. Akasema, Mzee Gia, hilo halizoeshwi, hilo linasindikizwa. Wakacheka mpaka yule wa nusu kichwa akashika ukuta.

Jioni shemeji kapita. Kainama, katazama namba kwenye dashibodi, kaniuliza kwa upole: siku mbili kilomita mia na arobaini, shemeji, hizo elfu zitatimia kabla sijazeeka? Nikamwambia injini si chai, huichochei ikachemka. Akakohoa akaenda zake.

Nikaandika bango kwenye kadibodi, nikalibandika kioo cha nyuma: INJINI MPYA, NAOMBA RADHI. Mke wangu akasema tangu anijue hajawahi kuniona nikiomba radhi, kumbe nilikuwa naiwekea injini.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Leo nimefunguka akili. Nasema mwenyewe, kwa sababu hakuna mwingine wa kulisema.

Asubuhi vumbi lilikuwa zito barabara kuu, wanachimba mtaro. Nikawasha taa. Mwendo wangu ule ule, wa heshima. Mara nikaona kwenye kioo gari moja limenifuata nyuma, nalo limewasha taa. Halipigi honi wala halinipiti. Likaja la pili, likawasha taa. La tatu. Tukafika njia panda, askari wa barabarani akasimamisha magari ya pande zote, akanyoosha mkono nipite, akasimama wima. Mwenye baiskeli akashuka akavua kofia. Nikajiuliza, nani kafa? Nikatazama huku na huku nimtafute marehemu. Nikatazama kioo tena. Magari saba, taa zote zinawaka, polepole kama mchwa.

Marehemu tulikuwa naye sisi.

Sasa mtu mwingine angesimama, angewaeleza. Mimi nikafikiri: honi zimekwisha, kashfa zimekwisha, barabara nafunguliwa kama mfalme, na injini inalelewa. Nikarudi nyumbani mchana, nikachukua kitambaa cheusi cha mke wangu cha kichwani, nikakifunga kwenye kioo cha pembeni. Lile bango nikalibandua. Marehemu haombi radhi.

Mchana wote nimeendesha kwa raha ambayo sijaipata tangu nioe. Tatizo dogo tu. Nilipoingia kituo cha mafuta kujaza upepo matairi, magari matano yakaingia nyuma yangu. Watu wakashuka, wakanizunguka, mikono wameikunja tumboni, wananitazama najaza upepo. Nilipomaliza tairi la nne mama mmoja akafuta machozi. Mzee mmoja akanisogelea akauliza kwa sauti ya chini kaburi liko upande gani. Nikamwambia ni kesho. Akanishika bega akaniambia nijikaze.

Nimejikaza. Kilomita mia mbili na thelathini na moja.

Jumamosi jioni lazima ziwe elfu. Nitaliwazia kesho.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Sikupata nafasi ya kuliwazia.

Saa nne hivi nakatiza kwa kinyozi, taa zinawaka, kitambaa kinapepea, kinyozi akatoka mbio, akasimama katikati ya barabara, mkasi mkononi. Akaniuliza, Mzee Gia, nani?

Hapo ningefanyaje? Niseme hakuna mtu? Mtaa mzima ungejua nimefunga kilemba cha mke wangu kwenye gari ili nisipigiwe honi. Huyu ndiye aliyesema gari langu linasindikizwa. Nikampitisha kichwani kila mtu ninayemjua, nikitafuta ambaye tunaweza kumkosa kwa siku mbili tatu. Nikakumbuka jana shemeji kapanda basi kwenda kumtembelea mwanawe, anarudi Jumamosi.

Nikasema, shemeji.

Kinyozi akakaa chini pale pale kwenye ukingo wa barabara. Akasema Jumamosi kamnyoa, alikuwa mzima, hata kamwambia apunguze ndevu za kushoto. Nikasema ndivyo mambo yalivyo. Akauliza kaumwa nini. Nikasema kifua, si mnajua alivyokuwa anakohoa. Akasema kweli, alikuwa anakohoa. Akauliza mazishi lini. Nikasema tunasubiri ndugu wa mbali.

Nikamwomba sana asimwambie mtu, kwa kuwa dada yake hajaambiwa. Akaapa.

Najua, najua. Kumwambia kinyozi asiseme ni sawa na kumwambia jogoo asubiri. Lakini nilisema, na kama neno langu halikufuatwa si kosa langu.

Kilomita mia tatu na kumi na nane. Usukani unakwenda laini kama siagi.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Naandika haya nikiwa ndani ya gari, kituo cha mafuta ambacho sikijui jina, mbali na nyumbani. Niko salama kwa sasa.

Nianze mwanzo. Asubuhi mke wangu anachambua maharage mlangoni, wakaingia akina mama kumi wanalia. Akauliza kuna nini. Wakamwambia, ndugu yako. Hakulia. Mke wangu si mtu wa kulia bila ushahidi. Akachukua simu, akampigia ndugu yake, akamuuliza umekufa? Shemeji akajibu kwa habari alizonazo, bado. Mke wangu akamwambia panda basi uje sasa hivi. Akakata simu, akawatengea wale akina mama mkeka, asiwaambie kitu. Halafu akaenda kutafuta kitambaa chake cheusi. Hakukiona. Akachungulia dirishani, akakiona kilipo.

Akarudi kwenye maharage yake. Afadhali angenifokea.

Mimi huku nishachukuliwa. Kamati imeshakaa kwenye uwanja wa shemeji, kinyozi ndiye mwenyekiti, kafunga kibanda chake kwa heshima ya marehemu. Akasema mwenye gari la msiba ni mimi, basi nikachukue viti na masufuria kule ukumbini, halafu nikawalete mashangazi. Nikasema gari halibebi mzigo, injini inazoeshwa. Watu wakanitazama kama nimetukana. Nikaenda. Viti arobaini, nusu juu ya paa. Mashangazi saba, na hakuna mwembamba hata mmoja, Mungu awabariki. Ule mlima wa shule nilikanyaga mafuta mpaka chini, gia ya pili, injini inalia, nami nalia, na mashangazi wakaniona nalia wakalia zaidi. Safari tatu. Kijitabu kizima nikakivunja kabla ya saa saba.

Saa tisa uwanja umejaa. Kinyozi akasema kabla ya yote tumsikie shemeji mkubwa wa marehemu, aseme machache. Nikasimama. Nilipanga maneno mawili tu, lakini nikiona watu zaidi ya kumi ulimi wangu haurudi nyumbani. Nikasema marehemu kabeba wagonjwa miaka ishirini na hakuna aliyekata tamaa njiani, kwa sababu mgonjwa akiutazama ule uso wake anasema kama huyu hana wasiwasi, mimi wa nini. Nikasema hajawahi kunicheka mbele za watu, na nafasi za kunicheka alikuwa nazo nyingi. Watu wanaguna kwa uchungu. Nikanogewa. Nikasema hata kuendesha gari, mimi Mzee Gia mnayenijua, aliyenifundisha ni yeye, nikiwa na miaka arobaini na mbili, kwenye uwanja wa mpira, na hakumwambia mtu. Hilo sijawahi kulitamka akiwa hai.

Akina mama wakafunika nyuso kwa kanga.

Halafu mstari wa nyuma, mtu kakohoa.

Kikohozi kile hakuna asiyekijua. Shingo zote zikageuka kwa pamoja. Shemeji kakaa kwenye kiti cha kukodi, mfuko wake wa safari magotini, kofia usoni, hata sijui kafika saa ngapi. Akavua kofia akasema endelea, shemeji, ulikuwa unasema vizuri.

Sikuona tena kitu, ila viti hewani. Shangazi mmoja alipita juu ya sufuria. Kinyozi kaingia chooni akajifungia. Mimi nilikuwa nimeshika ufunguo. Nikaufuata ulipotaka kwenda.

Nimetoka mjini nakwenda mia na ishirini.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Nimelala kwenye kiti. Shingo imekataa kugeuka kulia, kwa hiyo leo napinda kushoto tu.

Kurudi nyumbani naogopa. Binti anamaliza mafunzo leo, na kesho asubuhi anamleta fundi kulikagua gari. Namba zinasema mia nne na themanini. Nikaona liwalo na liwe, kama ufunguo utapotea usipotee kwa upungufu wa kilomita.

Nimeendesha tangu jua linachomoza. Kwenye barabara nyoofu nakwenda sabini, nikimkumbuka binti. Nikiona mtu aliyevaa kofia kama ya shemeji, themanini na zaidi. Milimani nashuka gia, kwenye masoko natambaa, nikipishana na gari la polisi arobaini na tabasamu. Kitambaa nimekivua. Sikupigiwa honi hata moja, na sikuwa na mtu wa kunivulia kofia. Barabara imekuwa ya watu wote.

Nimefika nyumbani saa kumi na moja jioni. Kilomita elfu moja na sita. Mke wangu yuko mlangoni. Akanyoosha mkono. Nikampa kitambaa. Akanusa, akasema kinanuka mafuta ya gari, akanionyesha beseni. Nimekifua mara tatu.

Nikamuuliza shemeji anasemaje. Akasema kapokea wageni mpaka jioni ya jana, kila anayekuja anamgusa mkono kwanza. Wali uliopikwa haukubaki hata punje.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Siku ya hukumu. Wamekuja wote, binti, shemeji, na fundi injini anayeitwa Sikio. Hana mashine za kupimia. Ana fimbo. Ncha moja anaiweka kwenye injini, ncha nyingine sikioni, anafumba macho. Nikajua nimekwisha. Viti arobaini, mashangazi saba, mia na ishirini.

Akasikiliza muda mrefu. Akasema siku za kwanza hii injini ililelewa kama mtoto wa mgongoni, haikujua kutembea, ingeendelea hivyo ingekuwa mvivu na mlevi wa oili maisha yake yote. Lakini baadaye kuna mtu kaipa kazi. Mlima kidogo, mzigo kidogo, mbio, polepole, mbio. Akasema haijazidishwa sana, wala haijaonewa. Akauliza ni nani kaizoesha, kwa sababu vijana wa siku hizi hawajui.

Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Nikasema ni hesabu tu, nilipanga tangu Jumatatu. Mke wangu akaingia ndani. Nilimsikia anacheka na mlango wa jikoni.

Binti akanishukuru. Nikatega kiganja. Akasema injini ni safi na hana la kusema juu ya injini. Ila, Baba, asubuhi hii nimelipeleka gari zahanati ya hapo chini, mganga kaniona kwa mbali akaanza kuvua kofia. Wagonjwa watatu wakaomba waruhusiwe kwenda nyumbani. Anauza dawa, akasema, hawezi kufika mahali na gari la Mzee Gia watu wakauliza nani kafa.

Nikasema basi wataliogopa hata akiliendesha mjomba wake. Akasema hapana. Alimpitia mjomba, wakarudi zahanati pamoja. Wote walitoka nje kumtazama mtu aliyekufa Alhamisi, kafika Jumapili, anashusha maboksi ya dawa. Mganga kaagiza mara mbili ya kawaida.

Ufunguo kapewa shemeji. Kaupokea kwa mikono miwili. Halafu akanivuta pembeni, akasema yale maneno ya Ijumaa atayatunza, na ile habari ya uwanja wa mpira kwake haijatoka, waliosikia ni wale mia mbili tu. Akasema nikitaka kwenda popote nimwambie, atanipeleka.

Nilitaka kumwambia kitu kizuri. Nikamwambia ndevu za kushoto zimezidi.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Binti kaanza safari zake mchana. Kabla hajaondoka shemeji alitaka kulitia gari mafuta, kanipitia, kaniuliza twende? Nikaingia kiti cha nyuma. Akasema mbele kuna nafasi. Nikamwambia mgongo unaniuma.

Tukasimama kwa kinyozi, yeye akavuka barabara kununua vocha. Kijiwe chote kikatoka. Nikashusha kioo nusu, taratibu, mkono nikautoa nje. Kinyozi akauliza imekuwaje Mzee Gia uko nyuma, anayeendesha ni yeye? Kijitabu nilikuwa nacho mapajani, nikafungua ukurasa, nikamwambia hiyo kazi nimempa mimi. Nimemwajiri.

Akauliza kwa nini yeye, na madereva wamejaa mji mzima.

Nikapunguza sauti ili shemeji akirudi asisikie. Nikamwambia nimemwonea huruma tu. Si unamwona mwenyewe, tangu alipokufa hajarudi sawasawa.